Nani Alimuua Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipenda filamu kuliko kitabu. Basi, nimeshaandika. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata mto ninaolalia. Juzi nilijifunga mtandio mpaka puani, nikaaga kwamba nakwenda maktaba, nikaingia ukumbi wa sinema onyesho la mchana. Nilikaa nyuma ya nguzo. Nikalia kama mfiwa. Aibu gani hii! Mimi, ambaye chama kizima cha wasomaji kinaniita Mwana wa Kitabu!

Kitabu chenyewe ni *Saa ya Karani*. Kwa faida ya atakayeiokota shajara hii nikishakuwa maarufu: karani anafariki, anamwachia binti yake saa ya mkononi iliyosimama. Binti anaipeleka kwa fundi. Fundi anampenda papo hapo. Saa anaitengeneza siku ile ile, lakini hasemi. Binti kila akija anaambiwa kipuri hakijafika, apite wiki ijayo. Miaka inapita. Kipuri bado!

Maktaba yetu ina nakala moja tu, na haina mkia. Kurasa za mwisho ziling'oka kabla sijazaliwa. Haidhuru. Bi Mkutubi ana desturi yake: ukirudisha kitabu, anavua miwani, anaegemea kaunta na kukusimulia mwisho kwa mdomo. Fundi anaugua. Binti anakuta duka limefungwa. Jirani anamkabidhi saa, nayo inatembea, na ilikuwa ikitembea tangu siku ya kwanza. Mtaa mzima umelia pale kaunta. Kinyozi, mwanachama wetu mkongwe, hulia kila akikumbushwa, hata akiwa na wembe mkononi. Wateja wake wanajua: usitaje saa.

Kwenye filamu fundi hafi. Binti anaingia, anavuta kiti, anaifungua saa mwenyewe. Kumbe miaka yote alikuwa akitazama mikono ya fundi, na kazi ameijua! Na kwamba saa ni nzima alijua zamani. Fundi amesimama kama mlingoti. Binti anamwambia: "Sogea, unanizibia mwanga." Mwisho! Taa zinawaka!

Chama kimechafuka. Mtu kafa kitabuni, hawa wa sinema wanamfufua kwa ruhusa ya nani?

Kwa hiyo Jumamosi kuna mjadala. Kitabu au filamu. Kitabu nitakitetea mimi. Filamu itatetewa na Kasuku, niliyemaliza naye shule, msichana anayeweza kuongea huku anakunywa maji. Mwamuzi ni Bi Mkutubi, na ametangaza waziwazi: msaidizi wake ameolewa na kuhama, kiti kiko wazi, atakayemridhisha Jumamosi ndiye atakayekikalia.

Nakitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Nikikikosa, Baba Mdogo ameshasema nianze kazi dukani kwake, duka la misumari na saruji, ambako wateja huanza kupiga kelele wakiwa bado ng'ambo ya barabara. Mimi nikipigiwa kelele nasahau hata jina langu. Maktaba watu wananong'ona. Mungu aliniumba kwa ajili ya kunong'ona.

Lakini sina wasiwasi. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kubadilishana upande na Kasuku. Yeye atetee kitabu, mimi niitetee filamu kwa moyo wangu wote huku nikijifanya ninajikaza. Nani atajua?

Nilimvizia nje ya duka la dawa la mama yake. Nikamwambia (nilikuwa nimeyakariri) kwamba kutetea filamu ni rahisi mno kwa mtu mwenye kipaji chake, bora achukue kitabu ajipime. Alinitazama kama anayesoma tarehe kwenye chupa ya dawa. Akasema kumbe Mwana wa Kitabu ameshaanza kutetemeka! Akacheka mpaka mama yake akachungulia. Akaongeza kwamba filamu ameiona, maneno yote anayo kichwani, na hoja ya kunizika ni moja tu: kitabu kinamuua mtu mwema bure, filamu imekuwa na huruma.

Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Alasiri nilimshikia Baba Mdogo duka alipokwenda kula. Nikafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mifuko ya saruji. Wasikivu sana. Moyo ukanikaa sawa, nikapandisha sauti: fundi yule alistahili kufa! Kugeuka, mteja amesimama mlangoni na futi kamba mkononi. Akauliza kwa upole ni fundi yupi huyo, maana na yeye ni fundi. Akaondoka bila misumari.

Baba Mdogo amesema nina mkosi wa kufukuza riziki. Mama akamwomba anipe muda, mtoto ana haya tu. Baba Mdogo akajibu kwamba haya haiuzi bati, na muda wangu ni mpaka Jumatatu.

Jumatatu nitakuwa maktaba. Atanikosa sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo usingizini. Kasuku ana maneno ya filamu. Mimi nitakuwa na maneno ya kitabu chenyewe: ukurasa wa mwisho, ambao chama kizima hakijawahi kuuona kwa macho! Nitausoma, Kinyozi ataanguka, Bi Mkutubi atanipa kiti kabla hajafuta machozi.

Shangazi, dada yake Baba, ni fundi cherehani, na niliwahi kumsikia akisema alikisoma kitabu hicho ujanani. Nikaenda. Anacho! Kilikuwa chini ya mguu wa meza ya cherehani ili isiyumbe. Alikataa kukitoa mpaka nilipomtafutia kipande cha tofali. Jalada ni lile lile la kijani lenye picha ya saa. Kinanuka mafuta ya cherehani. Na mkia wake upo, mzima! Nikakaa pale pale juu ya vitambaa vya sare za shule, nikafungua ukurasa wa mwisho.

Fundi hajafa.

Nikasoma tena. Nikaanza sura nzima upya, taratibu, kwa kidole. Haugui hata mafua. Binti anaingia, anavuta kiti, anaifungua saa. "Sogea, unanizibia mwanga." Nukta. Karatasi nyeupe. Jalada.

Filamu haikubadilisha kitu!

Nilimuuliza Shangazi kama anakumbuka kifo chochote humo. Akajibu, pini zikiwa mdomoni, kwamba kama kingekuwa na kifo kisingepata hata heshima ya kushika meza, angekitupa. Yeye habari za misiba hazitaki nyumbani kwake. Kisha akaniambia ninyanyuke, nimekalia kola.

Basi nani alimuua fundi saa? Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Jibu ni moja, na silipendi. Ni Bi Mkutubi. Kwa mdomo wake mwenyewe, pale kaunta, akiwa amevua miwani.

Alhamisi, 6 Machi

Nikisema ukweli Jumamosi, ninamvua nguo mama wa watu mbele ya chama chake, na yeye ndiye mwenye kiti. Nisiposema, ninasimama kutetea kifo ambacho hakikutokea. Mjinga angechagua moja. Mimi nimepita katikati.

Asubuhi, maktaba ikiwa bado imefungwa, nilitumbukiza nakala ya Shangazi kwenye sanduku la kurudishia vitabu lililo mlangoni. Bi Mkutubi ataikuta, ataifungua, ataona, atajirekebisha mwenyewe kimyakimya. Hakuna aibu, hakuna kelele. Wala sikuandika neno lolote. Werevu mtupu!

Mchana nikapita kuvuna nilichopanda. Bi Mkutubi alikuwa na bashasha. Akanishukuru kwa kurudisha kitabu mapema. Nakala ya maktaba niliyoazima bado iko chini ya godoro langu! Akasema nimefanya jambo la maana, maana Kasuku alikuja kukiomba, naye ameshampa.

Hakukifungua. Na akifungue cha nini? Kwa akili yake kitabu hicho kiko kimoja tu, na ameshakishika miaka na miaka. Nani humkagua mwanawe uso kila anaporudi nyumbani? Nikamuuliza kama hakusikia harufu ya mafuta. Akauliza mafuta gani. Nikasema nauliza tu. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Kwa hiyo sasa adui yangu anacho kitabu kizima, na aliyempelekea ni mimi.

Si neno. Mpango mwingine unachemka.

Ijumaa, 7 Machi

Huu ndio mpango mzuri kuliko yote. Kubadilisha nakala! Majalada yanafanana. Nikavaa gauni la Mama lenye mfuko mpana, nakala isiyo na mkia nikaitia mfukoni, nikaenda kupiga hodi kwa kina Kasuku, nyuma ya duka la dawa.

Mama yake alinipokea kama mgeni wa heshima. Shikamoo, marahaba, kaa, chai hii hapa. Kasuku alikuwa amejilaza kwenye kochi, kitabu kifuani, macho mekundu. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema yuko katikati, binti amekuja tena na fundi kamwambia kipuri kiko njiani, na laiti angekuwa na jiwe angemtwanga nalo huyo fundi. Kasuku! Analia kitabuni! Nikamshauri, kama dada, asiendelee mbele, mwisho unaumiza. Akasema mwisho keshasimuliwa na Bi Mkutubi na hana haja ya kuusoma leo. Atausoma kesho, mbele ya watu wote, kwa sauti, kila mtu ausikie ukatili wenyewe.

Chai ikanipalia.

Mungu si Athumani. Mama yake akamwita dukani kushusha maboksi, naye akakiacha kitabu mezani. Nikachomoa nakala yangu, nikaiweka kwenye meza penye kitabu chake, nikakivuta chake karibu na kikombe changu. Kabla sijakitia mfukoni, mama huyo akaingia na kitambaa. Akasema tunamwagia vitabu vya watu chai. Akaviokota vyote viwili, akafuta meza, akaniongezea chai, akauliza habari za Mama, za Baba Mdogo, za Shangazi. Nilipoaga akanikabidhi kitabu kwa mikono miwili na kusema: "Shika chako, mwanangu, msije mkachanganya." Kingine akakipandisha rafuni.

Nimefaulu! Naandika haya nikiwa nimesimama, kwa furaha. Kasuku atafungua kesho, akute hakuna ukurasa wa mwisho. Atabaki mdomo wazi. Mimi nitatabasamu kidogo tu, kwa unyenyekevu.

Baadaye kidogo. Nimekifungua.

Hakina mkia.

Pale kwao harufu ya spiriti ya dukani ilikuwa imeniziba pua, nisingeweza kunusa hata samaki. Na hata ningenusa, ningemwambiaje mtu mzima kwamba siyo hiki, nipe kile ninachokiiba?

Jumamosi, 8 Machi

Njiani nilifikiria kuzima umeme. Nilipofika nikakumbuka mjadala ni wa asubuhi.

Ukumbi wa kusomea ulijaa. Kinyozi alikuja na leso yake mapema mkononi. Baba Mdogo alikuja pia, akasimama mlangoni, nadhani kunichukua. Bi Mkutubi akaketi mbele, akafungua mkutano, akaniita.

Nikasimama. Nikaishika meza. Nikasema kitabu ni kizuri. Nikakaa.

Hiyo ndiyo hotuba yangu! Mifuko ya saruji iliisikia yote, wanadamu hawakubahatika.

Kasuku akapanda na sauti ya mtangaza mpira. Akasema kuna waandishi wana moyo wa jiwe. Akasema filamu imemtendea haki maskini wa Mungu ambaye kosa lake lilikuwa kupenda. Akasema, sikilizeni, jamani, sikilizeni kitabu kinavyoua! Akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma. Binti akavuta kiti. Kasuku akapunguza sauti. Binti akaifungua saa. Kasuku akageuza ukurasa, akachungulia nyuma yake kama anayetafuta maiti, hakuiona, akarudi. Akamalizia kwa kunong'ona, yeye, Kasuku: "Sogea, unanizibia mwanga."

Watu wakanyoosha shingo kukiona kitabu.

Kinyozi akanyanyuka. Akauliza ina maana hajafa? Akauliza tena, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa urithi: na yeye machozi yake yote yale?

Watu wote wakamgeukia Bi Mkutubi. Alikuwa amevua miwani. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na nikaiona inatetemeka kama yangu hutetemeka. Sikujua kwamba watu wazima nao huwa hivyo. Nilidhani wakishakua inaisha.

Nikasimama. Naapa, huu haukuwa mpango! Nikasema kwa sauti, ilitoka wapi sijui, kwamba hiyo ni chapa mpya, wameubadilisha mwisho ili ufanane na filamu, ni jambo la kawaida, hufanyika kote, nimesoma mahali. Kinyozi akakichukua kitabu, akakinusa. Akauliza ni chapa mpya gani hii inayonuka mafuta kuliko cherehani yenyewe, tena ina shimo la mguu wa meza mgongoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimesahau namna ya kukaa.

Bi Mkutubi akaniambia: "Kaa, mama. Maiti ni yangu, acha niizike mwenyewe."

Akasema. Kitabu kilifika maktaba kwenye boksi la msaada kikiwa tayari hakina mkia. Yeye alikuwa mgeni kazini, wakubwa wake wanamwona mtoto. Msomaji wa kwanza aliporudisha na kuuliza inakuwaje mwishoni, aliona haya kusema hajui. Na siku hiyo jino lilikuwa linamuuma vibaya. Kwa hiyo akamuua fundi. Angekuwa mzima siku ile, labda angewaozesha. Msomaji akalia sana, na baada ya hapo angewezaje kumfufua? Akaja wa pili, akaja wa tatu, kila mmoja ameshasikia msiba kwa mwenzake.

Kinyozi akasema msomaji huyo wa kwanza alikuwa yeye.

Nikajua sasa ataondoka, na chama kitamfuata, na maktaba itabaki ya buibui. Lakini Kinyozi alikunja leso yake taratibu. Akasema alipotoka kaunta siku ile, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa akina mke wake kupeleka maneno, kwa sababu na yeye alikuwa na kipuri chake kilichokuwa njiani mwaka wa ngapi sijui. Kama fundi angepona, mpaka leo yeye angekuwa kapera. Akamwomba Bi Mkutubi avae miwani, halafu aivue, halafu asimulie mwisho ule kama zamani.

Akasimulia. Walilia wote, hata Baba Mdogo pale mlangoni, akasingizia vumbi la vitabu. Zikapigwa kura. Kitabu kura chache. Filamu kura chache. Jino la Bi Mkutubi likashinda kwa kishindo.

Mimi nilinyoosha mkono upande wa jino. Ningefanya nini? Moyo wangu ulikuwa na filamu. Mkono una adabu zake.

Baadaye Kasuku akaja kunipa mkono. Akasema siku nyingine nikienda kumwibia mtu kitabu nisivae gauni linaloweza kuingia watu wawili. Kumbe alisimama mlangoni akaniona! Nikamwambia kiti ni halali yake, ameongea vizuri. Akashangaa, kiti gani, kile cha vumbi? Yeye chuo cha uuguzi kimeshamwita. Alitaka kunishinda tu, kwa sababu shuleni nilikuwa namzidi insha. Wiki nzima ya maisha yangu!

Bi Mkutubi akaniita pembeni. Akauliza mafuta ya cherehani ni ya nani. Nikamwambia yote (isipokuwa sinema). Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuona mtu anayedanganya vibaya kama mimi, na kwamba huyo ndiye anayemtaka kwenye kaunta, maana akikosea ataonekana mapema. Kiti ni changu! Sharti moja: msomaji akiuliza habari za kitabu ambacho sijakisoma, nimwambie sijakisoma. Hapo tu. Neno hilo dogo lilimshinda yeye, akabeba maiti miaka yote. Nikaapa mbele yake.

Baba Mdogo amepewa habari rasmi. Amesema saruji imefurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini! Kiti kinazunguka! Asubuhi nzima hakuna aliyenipigia kelele. Niligonga mihuri. Nilimnong'oneza kijana mmoja anyamaze, akanyamaza. Nina mamlaka.

Kabla ya chakula cha mchana akaja mwalimu mstaafu, bibi mpole sana, akaweka kaunta riwaya nene ya familia iliyohamia mlimani. Akauliza kama inafaa, maana macho yake siku hizi ni ya kubembeleza, hataki kuyachosha kwa kitabu kibaya. Sijawahi hata kuifungua. Nikafungua mdomo niseme nilichoapa. Akanitazama kwa imani kubwa mno! Nikasema inafaa sana. Nikaona haitoshi, nikasema katika riwaya zote hiyo ndiyo kipenzi changu. Nikaona bado, nikamwambia asubiri tu aone yatakayompata mama mkwe.

Sijui kama humo kuna mama mkwe.

Alifurahi jinsi gani! Amesema ataianza leo, na wiki ijayo atakuja mapema tukae pamoja tuizungumze yote, hasa huyo mama mkwe. Bi Mkutubi alikuwa anapanga rafu upande wa pili. Sidhani kama alisikia. Alikohoa, lakini ni vumbi.

Sina wasiwasi hata chembe. Riwaya yenyewe ni nene mno, wiki haiwezi kutosha. Lakini nimeuliza kwa watu, na kuna filamu yake! Inaonyeshwa wiki hii, onyesho la mchana. Kesho nitaomba ruhusa kidogo nikanunue gundi ya majalada. Nitaitazama, na nitakuwa nimejua yote yaliyomo kitabuni. Filamu hazibadilishi kitu. Hilo nimelithibitisha mwenyewe kwa utafiti.

Nawe ambaye macho yako yamefika mpaka hapa, nakuomba kwa heshima na taadhima: ukiniona ukumbini kesho, tazama mbele. Na usimwambie Bi Mkutubi. Ananiamini.